Ng'ambo Nyuma ya Uwanja wa Maonyesho

Kuna nchi moja ambayo raia wake wana furaha kwa mujibu wa sheria. Jina lake sitalitaja, maana imeamriwa kwamba likitajwa watu wote wasimame, na wewe msomaji pengine umeshakaa vizuri. Ukidhani ninasema nchi yako, nakusihi usilalamike kwa sauti. Atakayelalamika ndiye atakayekuwa ameitaja.

Katika nchi hiyo alikuwako msichana aitwaye Mwatumu Shomari, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Taifa. Kwao ni Mkongeni, mji mdogo wa bara wenye kisima kirefu. Maji ya kisima kile yalikuwa maangavu, ukiyatazama kwenye glasi utayasifu, lakini yalibeba madini ya floraidi kupita kiasi. Aliyeyanywa utotoni aliota meno ya kahawia. Aliyeendelea kuyanywa ukubwani alikakamaa mifupa polepole, kama kuni inayokaukia juani. Mama yake Mwatumu, Bi Mize, hakuwa mzee, lakini mgongo wake ulikuwa umeshapinda na shingo imegoma. Ukimwita kwa nyuma alilazimika kuuzungusha mwili mzima ndipo akuone.

Wala tusiseme serikali ililala. Iliunda tume. Tume ikafika Mkongeni na maji yake ya chupa, ikakaa, ikala, ikatangaza kwamba meno ya kahawia ni urithi wa kitamaduni wa watu wa mji huo, na kwamba yeyote atakayeyasugua mpaka yakawa meupe atahesabiwa kuwa ameiga mila za kigeni.

Mwatumu hakuutaka urithi huo. Katika kusomasoma kwake aligundua kwamba kuna chuo katika nchi ya mbali, nchi ya baridi, ambako walimu wamebobea katika kuyachuja maji ya namna ile kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa njia ambayo hata kijiji kinaweza kuimudu. Akawaandikia. Wakamjibu: njoo ukae nasi mwaka mmoja, nauli na chakula ni juu yetu. Siku hiyohiyo akampigia mama yake simu.

Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hao watu wanakupendea nini?"

"Hawanipendi, mama. Hawanijui. Wanataka kufundisha tu."

"Basi nenda kabla hawajaghairi."

Masikini Bi Mize hakujua kwamba watakaoghairi hawakuwa wale wa mbali.

*

Mwanafunzi wa nchi hiyo akitaka kusoma ng'ambo alipaswa kupita Wizara ya Uzalendo, Safari na Kurudi. Huko kulikuwa na sharti la kwanza, la haki kabisa: athibitishe kwamba anachokwenda kusoma hakipatikani nyumbani. Na kulikuwa na sheria nyingine, nayo ya haki kabisa: anayesema kwamba kuna kitu hakipatikani nyumbani amelikashifu taifa, na mahali pake ni gerezani. Watu wa nje waliona sheria hizo zinagongana. Wenyeji walieleza kwa fahari kwamba hazigongani. Zinakumbatiana, na mwombaji huwa katikati.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mbwembwe, ndiye aliyewahoji waombaji. Ofisini kwake palitundikwa ramani ya dunia ambayo nchi yake ilijaa kati yote, na nchi nyingine zimesukumiwa pembeni kama makombo ya ugali kwenye sinia. Alimtazama Mwatumu kama mtu anayetazama jani la mchicha lililonasa kwenye kiatu chake.

"Binti, unakwenda kutafuta nini ambacho hapa hakipo?"

"Maabara ya kuondoa floraidi kwenye maji, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo unasema nchi hii haina maabara."

"Maabara tunayo, Mheshimiwa. Haina maji."

"Haina maji!" Waziri alimgeukia karani wake, naye karani akashika kifua kuonyesha kwamba ameumia.

"Basi ina maji," Mwatumu akasema upesi. "Ila haina vifaa."

"Nikuulize kwa upole, kama mzazi. Kitu hicho kipo au hakipo?"

"Hakipo, Mheshimiwa."

"Hapo umelikashifu taifa. Lakini mimi nina moyo wa huruma, watu wote wanajua. Nakupa nafasi nyingine. Kipo au hakipo?"

"Kipo," akasema Mwatumu.

"Kama kipo, unafuata nini kwa watu? Huo ni utoro!"

Mwatumu alikuwa na kasoro moja aliyoirithi kwa mama yake: akibanwa sana, ulimi ulimtangulia. "Mheshimiwa," alisema, "mbona watoto wako wote watatu wanasoma ng'ambo?"

Karani alizama chini ya meza, akajifanya anatafuta kalamu. Dokta Mbwembwe hakukasirika. Viongozi wa nchi ile hawakasiriki. Huhuzunika, na wakihuzunika mtu hupotea.

"Wanangu hawasomi," alisema taratibu. "Wako kazini. Wanawachunguza mabeberu kwa karibu. Yule mkubwa anawachunguza kwa mwaka wa saba sasa, na kwa uzalendo wake hajakubali kutoka mwaka wa kwanza." Akainuka. "Wewe utahudhuria Semina ya Kutotamani. Na popote utakapokuwa, usicheke mbele ya wageni. Hayo meno yako ni siri ya taifa."

*

Semina ya Kutotamani ilifanyika katika ukumbi uliokuwa na mapazia mazito. Mkufunzi alionyesha picha za ng'ambo ukutani, na wanafunzi walitakiwa kuzizomea kwa pamoja. Ilikuja picha ya basi linalofika kwa wakati wake, wakapiga kelele, "Haraka haina baraka!" Ikaja picha ya hospitali ambayo kila mgonjwa ana kitanda chake peke yake, wakapiga kelele, "Ubinafsi!" Ikaja picha ya mtoto anakunywa maji moja kwa moja kutoka bombani, mamaye amesimama kando wala hana wasiwasi, na hapo ukumbi mzima ulitakiwa kusema, "Ubadhirifu!"

Mwatumu alichelewa. Alikuwa anamtazama yule mama. Aliitazama shingo yake, jinsi alivyoigeuza kumwangalia mwanawe bila kusogeza mabega. Aliposhtuka, wenzake walikuwa wameshamaliza kuzomea, na mkufunzi amesimama mbele yake.

"Wewe umetamani," alisema mkufunzi.

"Nimetazama tu."

"Kutazama ndiko kutamani kwa macho."

Habari zikaenea chuoni. Kesho yake aliyelala naye chumba kimoja alihamisha godoro lake. Mhadhiri aliyekuwa akimsifu kwa hesabu zake aliacha kumwona. Akinyoosha mkono kuuliza swali, mhadhiri alimtazama mtu wa nyuma yake. Kwenye foleni ya chakula walimwachia nafasi mbele na nyuma, si kwa heshima, bali kama watu wanavyomwachia nafasi mwenye upele. Wakambandika jina: Beberu Mdogo. Mwatumu alikula peke yake, akatafuna wali pamoja na hasira. Akaona hasira inashibisha kuliko wali.

*

Kisha siku moja Dokta Mbwembwe alizungumza redioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeteremshiwa wahyi.

"Ndugu wananchi! Tumekuwa tukijiuliza namna ya kuwapeleka vijana wetu ng'ambo. Swali hilo ni la kitumwa! Swali la mtu huru ni hili: kwa nini mwanafunzi aifuate ng'ambo, ilhali ng'ambo inaweza kumfuata mwanafunzi?"

Nyuma ya uwanja wa maonyesho ya wakulima kulikuwa na ghala la zamani la kugandishia samaki. Wakalipaka rangi nyeupe, wakalizungushia ukuta, wakaweka lango lenye maofisa wa uhamiaji na bendera ambayo haikuwa ya nchi yoyote. Wakapaita Ng'ambo. Lakini mwanasheria mmoja akauliza: mwanafunzi atahesabiwaje kuwa amesoma nje, na ghala limo ndani ya nchi? Bunge halikushindwa. Lilikutana kwa dharura, likapitisha kwa makofi na nderemo sheria inayosema kwamba kiwanja kile, kuanzia langoni hadi ukuta wa nyuma, si sehemu ya nchi. Ni ugenini, kina mkuu wake na mamlaka yake. Wabunge walikumbatiana. Haikuwahi kutokea taifa likapata nchi ya nje kwa bei nafuu namna ile.

Jina la Mwatumu lilikuwa la kwanza miongoni mwa wasafiri. Hakuomba. Alipokwenda wizarani kueleza kwamba anacho chuo kinachomngoja, karani alimwambia asijisumbue. Wizara imeshawaandikia wale watu wa mbali kuwajulisha kwamba Mwatumu Shomari hataweza kufika, kwa kuwa tayari yuko ng'ambo.

"Mmewaandikia kwa jina langu? Bila kuniuliza?"

"Tungekuulizaje, na ulikuwa umeshasafiri?"

Mwatumu aliikamata meza kwa mikono miwili. Karani baadaye alisimulia kwamba alidhani binti yule atampiga, na kwamba macho yake yalikuwa na chuki ya aina ambayo haijafunzwa shuleni.

*

Siku ya kuondoka, bendi ya askari ilipiga ngoma na tarumbeta. Bi Mize alikuja kutoka Mkongeni na kifuko cha karanga za kukaanga. Akasimama mbele ya lango, akauzungusha mwili wake kuume, akauzungusha kushoto, akaliangalia paa la ghala.

"Huku ndiko ng'ambo?"

"Ndiko, mama."

"Mbona nasikia shombo la samaki?"

Askari wa lango akadakia, "Hiyo ni harufu ya maendeleo, mama. Na mzazi anayemsindikiza mwanawe ng'ambo hulia. Redio iko hapa. Tafadhali lia."

"Nikilia, baba," alisema Bi Mize, "sitalilia hilo." Akamkabidhi mwanawe karanga, akaondoka na macho makavu. Ikabidi redio ipige tarumbeta kufunika kilio kilichokosekana.

Ndani kulikuwa na baridi ya kweli. Mashine za kugandisha ziliwashwa zote. Juu ya dari walipanda vibarua waliokuwa wakikwangua barafu ya friji mbovu, chengachenga nyeupe zikadondoka kama theluji, na wanafunzi walilazimishwa kuzishangaa. Saa za ukutani zilirudishwa nyuma, kwa hiyo chakula cha mchana kilikuja watu wakipiga miayo. Mkuu wa nchi hiyo ya kigeni, ambaye pia alikuwa profesa wake wa pekee, aliitwa Van Songoro. Alivaa koti la sufu na skafu, akasemea puani. Aliwafundisha kula kwa uma, kuomba radhi pasipo kosa, na kuongea juu ya hali ya hewa kwa muda mrefu bila kusema lolote.

Mwatumu alimfuata baada ya kipindi. "Profesa, maabara iko wapi?"

Yule mtu alitazama huku na huku, akashusha skafu. Sauti ya puani ikatoweka. "Dada yangu, mimi ni Songoro tu. Hiyo Van wameniongezea juzi. Mimi ni mwigizaji. Kwenye michezo ya redio nilikuwa mfalme, nilikuwa hakimu, safari moja nilikuwa radi. Maabara sina. Nimeahidiwa kwamba nikiwa mgeni mzuri nitafanywa balozi."

"Na sisi?"

"Ninyi mtakuwa mmesoma."

"Mama yangu anageuka kuwa gogo, Bwana Songoro! Nimekuja kujifunza kula kwa uma?"

Songoro alipandisha skafu yake, akarudi puani.

Wanafunzi walianza kukohoa. Walioomba kurudi nyumbani waliambiwa hawawezi kuvuka mpaka kabla ya muda wa masomo kwisha. Na walioandika kwao kwamba wanaumwa, barua zao zilirekebishwa zikasomeka kwamba wanazoea hali ya hewa.

*

Ndipo Dokta Mbwembwe alipofanya ziara rasmi ya nchi hiyo ya kigeni. Alipitia uhamiaji kama wageni wengine, akagongewa muhuri, akapunga mkono mbele ya kamera. Televisheni ilirusha matangazo moja kwa moja mpaka Mkongeni. Alihutubia juu ya uhusiano mwema uliopo baina ya nchi yake na Ng'ambo, akaisifu Ng'ambo kwa kuiheshimu mipaka, akapigiwa makofi na watu wenye glavu. Kisha ikatangazwa kwamba mwanafunzi kutoka Mkongeni, mji wenye urithi, atatoa shukrani. Walimchagua yeye kwa makusudi. Beberu akishukuru mbele ya taifa zima, ndipo ushindi unapokamilika.

Mwatumu alipanda jukwaani. Midomo ilikuwa imemkauka kwa baridi. Hakumtazama Waziri. Alimgeukia Songoro, aliyekaa kwenye kiti kirefu cha mkuu wa nchi.

"Mheshimiwa Van Songoro," alisema, "Bunge la nchi yetu limepitisha sheria kwamba mahali hapa si kwetu. Hapa ni ugenini, na mwenye mamlaka ni wewe. Mimi ni mwanafunzi niliyenyimwa ruhusa ya kusoma. Nimehukumiwa kwa kutazama picha. Wenzangu wanakohoa damu na barua zao zinasema wanafurahi. Naomba hifadhi katika nchi yako."

Songoro akasahau kusemea puani. "Hifadhi dhidi ya nani?"

Mwatumu alinyoosha kidole. "Dhidi ya huyu mgeni wako."

Waziri alicheka. Akatazama kamera, akacheka tena, kicheko kikamkatikia njiani. "Mkamateni!"

Askari waliruka, na hatua mbili mbele wakasimama. Kapteni wao alikuwa mtu wa sheria. "Samahani, Mheshimiwa," aliuliza, "tumkamate katika nchi ipi? Kama hapa ni kwetu, sawa. Kama ni ng'ambo, sisi tutakuwa tumeivamia nchi ya watu, na vita hutangazwa na Rais peke yake."

Waziri alifungua kinywa. Akisema hapa ni kwetu, taifa zima litasikia kwamba watoto wao wamo katika ghala la samaki. Akisema ni ng'ambo, binti atakuwa amemponyoka. Zile sheria zake zilikuwa zinakumbatiana tena, na safari hii aliyekuwa katikati ni yeye.

"Mkatalie!" alimfokea Songoro. "Wewe! Mkatalie upesi!"

Ghala zima lilinyamaza, hata waliokuwa wakikohoa walijizuia. Songoro alisimama. Alivua skafu, akaiweka kitini. Sijui kama kilichofuata kilikuwa ushujaa au mazoea ya kazi. Mwigizaji akipewa ukimya wa namna ile mbele ya nchi nzima, ni vigumu kuuacha uende bure. Alivuta pumzi, na kwa ile sauti iliyokuwa ya mfalme na ya hakimu na ya radi, alisema:

"Ombi limekubaliwa."

*

Matangazo yalikatwa, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kufika. Jioni ile umeme wa Ng'ambo ulizimwa, barafu ikayeyuka, wanafunzi wakatoka wakinuka shombo, na ikatangazwa kwamba wamehitimu. Songoro alialikwa kwenda kupumzika. Mpaka leo anapumzika, na mke wake akienda kuuliza ni wapi, huambiwa asimwamshe.

Bunge lilikutana kwa hasira. Likapiga kura kwa kupiga meza, likamvua Mwatumu uraia, asiwe tena na nchi ya kuitukana. Dokta Mbwembwe alifurahi sana, akaagiza: huyu sasa ni mgeni asiye na kibali, na wageni wasio na kibali hutupwa nje ya mipaka. Mpelekeni kwenye mpaka wa kweli, mkamtupe. Mshauri wake mmoja alinyoosha mkono, akitaka kusema kwamba nje ya mipaka ndiko alikoomba kwenda binti huyo tangu mwanzo. Waziri akamuuliza, "Kuna kitu unadhani sikijui?" Mshauri akaushusha mkono, akajikuna kichwa kana kwamba ndicho alichokuwa anataka kufanya.

Walimpakia Mwatumu kwenye lori. Dereva, askari mwenye ndevu za mvi, aliendesha mpaka walipouacha mji nyuma. Kisha akampa simu yake. "Piga kwenu. Mimi sijaona."

Bi Mize alipokea mara moja. "Redio inasema wewe si wa hapa tena," alisema. "Nimewaambia majirani redio haikukuzaa."

"Mama, sitaweza kurudi."

"Nimesikia."

"Songoro wamemchukua. Kwa ajili yangu."

"Hilo utalibeba," alisema Bi Mize. "Siwezi kukwambia uliweke chini. Lakini wale watu wa chuo, bado wanakutaka?"

"Wameniandikia, nilikuta barua yao chuoni nilipotoka ghalani. Ile ya wizara hawakuielewa. Wanauliza nitafika lini."

"Basi nenda ukajue. Ukishajua, niambie kwa simu, hatua kwa hatua, mimi nitafanya na wenzangu. Mifupa ya ng'ombe Mkongeni imejaa tele, mwanangu. Tumekosa maelezo tu."

Mpakani, dereva alimshusha, akamwonyesha njia kwa kidevu, akageuza lori. Mwatumu alivuka kwa miguu. Upande wa pili palikuwa na kibanda cha bati na foleni fupi ya wafanyabiashara wenye mafurushi ya nguo. Alipofika dirishani, alitoa cheti cha kufukuzwa alichokabidhiwa na dereva. Alikuwa amejiandaa. Kama angeulizwa kipo au hakipo, alikuwa na jibu. Kama angeonyeshwa picha, angezomea, angezomea hata picha ya mama yake mzazi. Kama angeambiwa alie, angelia.

Ofisa alikuwa mwanamume mnene anayetafuna muhogo wa kuchoma. Alikichukua kile cheti cha kufukuzwa, akakigeuza huku na huku.

"Unakwenda kufanya nini, dada?"

"Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Maji."

"Maji yana mambo mengi," alisema ofisa, akagonga muhuri, akamrudishia karatasi. "Haya, karibu."

Mwatumu hakuondoka. Alisubiri. Alidhani kuna chumba kingine, mtu mwingine, kiti cha kukalishwa. Polepole akaelewa kwamba hakuna, kwamba kumbe ni hivyo tu. Furaha aliyoingoja haikuja. Ilimpanda hasira kali kuliko zote alizowahi kuonja, na machozi yakamtoka palepale dirishani mbele ya wafanyabiashara.

Ofisa aliacha kutafuna. Alimtazama, akamsogezea kipande cha muhogo kwenye ukingo wa dirisha, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sogea kidogo, dada. Wenzako wanataka kupita."